Mkono Uliovimba Nao Utibiwe

Mwanamke wa Wusi, katika kaunti ya Taita Taveta, anayetibiwa saratani ya matiti huteremka kwa matatu hadi Mwatate, akaunganisha Voi, kisha akashika barabara kuu hadi Mombasa, kwenye Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani. Akishatolewa titi pamoja na tezi za kwapani, hupangiwa tarehe ya kemo (tiba ya dawa za saratani) na kurudi mlimani. Miezi kadhaa baadaye mkono unaanza kujaa. Pete haitoki, mkono wa blauzi unabana, mtungi wa lita 20 hauinuliki. Majirani wanadhani ugonjwa umerudi. Yeye pia.

Tezi zikikatwa au zikichomwa na mionzi, majimaji ya mwilini hukosa pa kupitia. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2013 zilionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya watano waliotibiwa saratani ya matiti hupatwa na uvimbe huu. Tiba yake ipo. Mkono hufungwa bendeji za kubana, na hiyo ndiyo nguzo. Pamoja nayo kuna mazoezi, utunzaji wa ngozi, na ukandaji wa pekee ambao Emil na Estrid Vodder waliuanzisha Ufaransa miaka ya 1930. Mkandaji huanzia shingoni, hupita kifuani upande mzima, ndipo ashuke mkononi. Vidole huvuta ngozi polepole, kwa wepesi mno, bila kuminya nyama. Mgonjwa aliyezoea kuchuliwa kwa nguvu anaweza kudhani hajafanyiwa lolote.

Tusichanganye mambo. Kukanda hakuponyi saratani. Wanaopaka titi mafuta na kulikanda wakiahidi kuyeyusha uvimbe wa saratani wanamwibia mgonjwa muda, na kwa ugonjwa huu muda ni uhai. Waache mara moja. Hata mkandaji mwema asiguse ngozi iliyoungua kwa mionzi, wala mguu wenye damu iliyoganda, wala asimkande kwa nguvu mgonjwa ambaye saratani imeingia mifupani au ambaye kemo imempunguzia chembe za kugandisha damu. Daktari aulizwe kwanza.

Lakini wanaouita ukandaji anasa ya hotelini nao wamekosea vibaya. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kilikubali, kwa pamoja na wenzao wa tiba shirikishi, kwamba unaweza kutolewa kwa wenye maumivu sugu baada ya tiba ya saratani ya matiti. Mama anayepalilia mahindi kwenye matuta ya Taita anauhitaji kuliko mtu yeyote, kwa kuwa mkono huo ndio unaomlisha, na mwiba mmoja tu ukimchoma unaweza kumletea maambukizi ya kumlaza wodini.

Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu la huduma za afya za kaunti. Kwa hiyo serikali ya kaunti ya Taita Taveta haina pa kusukumia mzigo huu. Wataalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya Moi, Voi, na ile ya Wesu wapewe mafunzo ya kazi hii, na wauguzi wa Mwatate wafundishwe kuutambua uvimbe mapema. SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyorithi nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ilipe bendeji na soksi za mkono kama inavyolipa dawa. Kumsafirisha mgonjwa hadi Mombasa kwa ajili ya kufungwa bendeji ni ukatili.

Bajeti ya kaunti hupitishwa kabla ya Juni 30. Mwakilishi wa wadi ya Wusi/Kishamba na wenzake katika bunge la kaunti wadai fungu la tiba hii, na wapiga kura wawaulize kila mkutano mpaka liandikwe.