Picha ya Kichwa Haioni Sonona

Huku kwetu Mtwara ukimwambia mtu kwamba nduguye ana sonona, atakuuliza kwanza: "Kipimo kimeonyesha?" Ukisema hakuna kipimo, anaguna. Kwa wengi wetu, ugonjwa usiopigwa picha ni uvivu au ni jini. Naipinga imani hii, na naipinga zaidi kwa sababu inajidai kuwa ya kisayansi.

Chukua mvuvi wa Msimbati. Miezi sasa hagusi nyavu. Alfajiri wenzake wanasukuma ngalawa, yeye kajiinamia barazani. Chakula kinapoa mbele yake, usingizi ukikatika saa tisa usiku haurudi. Ndugu wanachanga, mwingine anauza korosho kwa kangomba, yaani kwa bei ya chini kwa walanguzi, na mgonjwa anapelekwa mjini kupigwa CT-Scan. Majibu: kichwa kizima. Balaa linaanzia hapo. Karatasi ile inageuka hati ya mashtaka. "Daktari kasema huna kitu. Amka ukavue!"

Daktari hakusema hivyo. CT-Scan na MRI huonyesha uvimbe, kiharusi, damu iliyovuja, fuvu lililopasuka kwa ajali ya bodaboda. Kwa hayo, mashine hizo tuziheshimu. Sonona haimo.

Watetezi wa mashine hizo hudai kompyuta itaona lisiloonwa na jicho. Watafiti wa Ujerumani walijaribu, wakachapisha matokeo mwaka 2024 katika jarida la JAMA Psychiatry. Walikuwa na picha za ubongo za watu wapatao 1,800, wenye sonona na wasio nayo, na mamilioni ya mifumo ya kompyuta ikafundishwa kuwatenganisha. Ilipatia kwa asilimia 48 hadi 62. Ukirusha shilingi hewani unapata 50, na haina bili ya umeme.

Kabla ya hapo, mwaka 2009, Wamarekani walimwingiza samaki mfu aina ya salmoni ndani ya MRI, wakamwonyesha picha za watu na kumuuliza watu hao wanahisi nini. Kabla hesabu hazijachujwa, ubongo wake ulionekana unafanya kazi! Walikuwa wanawaonya wenzao juu ya takwimu za ovyo. Wauza samaki wa pale feri wangecheka mpaka machozi.

Kipimo chenye manufaa hakina mvuto: maswali tisa, yaliyokwisha kutafsiriwa na kujaribiwa kwa Kiswahili, kuhusu wiki mbili zilizopita. Hamu ya kazi, usingizi, uchovu, kula, kujiona hufai, mawazo ya kufa. Yanataka kalamu, na mtu anayeuliza kisha akanyamaza asikilize. Mwanamke wa Kitaya, kijiji cha ukingoni mwa Ruvuma kilichovamiwa Oktoba 2020 na wapiganaji kutoka Msumbiji, asubiri MRI ndipo tuamini kwamba usiku halali?

Wabunge wa Kusini wakiomba mashine nyingine bungeni Dodoma, sawa, majeruhi wanazihitaji. Kwa sonona waombe dawa zisikatike katika vituo vya afya, na kila kata ipate muuguzi aliyefundishwa maswali yale tisa.