MTI WA MIIBA HAUKUJICHAGUA

Neno: Waamuzi 9:1-57



Wengi wanajua mfano wa Yothamu wa miti iliyotafuta mfalme. Mzeituni ulikataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, mwishowe miti ikauendea mti wa miiba. Lakini je, umewahi kusoma jinsi Abimeleki alivyofanya kampeni yake? Soma mstari wa 2 hadi wa 5, polepole.

Kwanza, aliwaendea watu wa ukoo wa mama yake akawaambia yeye ni damu yao. Hakutaja hata jambo moja ambalo angewafanyia Shekemu. Nao mioyo yao ikamwelekea kwa sababu moja tu: ni mtu wetu.

Pili, pesa. Alipewa vipande 70 vya fedha, tena vikitoka hekaluni mwa Baal-berithi. Fedha ya madhabahu ikageuka kuwa fedha ya siasa.

Tatu, kwa pesa hizo alikodisha vijana wakora. Hao ndio alioandamana nao kwenda kuwaua ndugu zake 70 juu ya jiwe moja. Vipande 70, ndugu 70. Piga hesabu uone bei ya uhai wa mtu mmoja.

Kabila, pesa, na vijana wa kukodishwa. Mpendwa, kuna Mkenya asiyeijua kampeni hiyo?

Mwisho wake uko mstari wa 49. Watu kama elfu moja wa Shekemu, wanaume kwa wanawake, walikimbilia ngome ya hekalu lao, na mtu wao huyo huyo akawachoma humo ndani. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kulielewa andiko hilo. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kenya Assemblies of God pale Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Machafuko yale yaliua zaidi ya Wakenya 1,100. Nchi ambayo Jumapili hujaa makanisani ilifanya hayo kwa sababu ya kura.

Ndiyo maana nasema kura ni suala la imani. Jumapili unakiri mbele ya watu kwamba Yesu ni Bwana. Kwenye kibanda cha kura hakuna mchungaji, hakuna kwaya, hakuna jirani. Ni wewe, karatasi 6 na Mungu wako. Ukimchagua mwizi kwa sababu anaongea lugha ya mama yako, umekiri kwamba damu ya kabila ina nguvu kwako kuliko damu ya Msalaba. Ukimchagua kwa sababu ya leso, unga na mia mbili, umekiri ni nani anayekulisha. Kumbukumbu la Torati 16:19 inatuonya kwamba rushwa hupofusha hata wenye hekima. Na sheria yetu ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inamhesabu anayepokea hongo kuwa mkosaji pamoja na anayetoa.

Kuna mpendwa atakayesema, "Pastor, Danieli 2:21 inasema Mungu ndiye huweka wafalme na kuwaondoa. Mimi nitaomba tu." Omba, tafadhali. Lakini mvua pia huletwa na Mungu, na bado unashika jembe. Waamuzi 9 inasema wazi ni watu wa Shekemu waliomtawaza Abimeleki, na mstari wa 57 unasema Mungu aliwarudishia uovu wao juu ya vichwa vyao. Mwaka 2022 zaidi ya Wakenya milioni 7 waliojiandikisha hawakupiga kura. Ni wangapi kati yao walikuwa kwenye maombi ya kesha wakiombea uongozi mwema?

Sitakuambia umchague nani. Madhabahu hii si jukwaa la mtu, na bahasha ya mheshimiwa haiwezi kununua kondoo wa Bwana. Nakupa kipimo ambacho Yethro alimpa Musa, Kutoka 18:21: awe na uwezo, amche Mungu, awe mkweli, achukie mapato ya udhalimu. Pima kila jina kwa hayo manne, kuanzia MCA hadi rais. Pima hata yule anayetoka kijijini kwenu. Pima hata yule anayekuja kanisani na Biblia kubwa.

Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa 5. Kama hujajiandikisha, nenda na kitambulisho chako. Kama una kijana nyumbani aliyefikisha miaka 18, mkumbushe.

Omba nami: Baba, nisafishe moyo wangu na ukabila. Uniponye tamaa ya kitu kidogo. Siku ile nitakaposhika kalamu, mkono wangu ukubaliane na midomo yangu. Katika jina la Yesu.

Kama umeomba nami, andika AMINA, kisha umtumie ndugu mmoja wa kabila lisilo lako.

Ubarikiwe.