Flashi ipumzike, ila folda usiiache wazi

Wadau wa steshenari, kompyuta mbili ziko meza moja halafu kazi inahamishwa kwa flashi iliyozunguka kwa wateja wote na virusi vyao? Mimi zangu nimeziunga kwenye ruta moja, nashea folda moja tu ya kazi. Bando haliliwi hata kidogo.

Tatizo ni wale wanaochagua "Everyone" kwenye Windows na kuzima neno la siri, eti usumbufu. Mteja uliyempa waifai hiyo hiyo anaweza kufungua vyeti na vitambulisho vya wenzake! Neno la siri libaki. Na daftari la madeni, kijana wa kaunta mpe ruhusa ya kusoma tu.

Mashine yenye folda ikizimika, nyingine haioni kitu. Kwa hiyo nakala ya akiba iwe pembeni, hapo sasa flashi ina kazi.