Pwani ya Mwani ni Yetu, ya Mpira Si Yetu?



Leo singo na hina tumeviweka pembeni. Tuna jambo limetukaa kooni na tunataka tuliseme.

Wiki chache nyuma walikuja dukani kwetu wasichana wanane wa timu ya mpira wa wavu ya skuli. Wanacheza ule wa sita kwa sita, ukumbini na kwenye kiwanja cha saruji, na wanaujua. Mwalimu wao, mwanamke, kawaambia anataka kuwaanzisha ule wa ufukweni, wa wawili kwa wawili. Wakataka nguo za kusitiri zisizowafunga wakiruka. Tukawapima, tukapokea nusu ya malipo, tukakata kitambaa.

Siku ya pili akaja mama wa mmoja wao. Akakaa, akanywa maji, akasema kwa upole: "Wanangu, ya binti yangu msishone. Ufukweni si pahala pa mtoto wa kike." Tukasema, "Sawa, mama," tukamrejeshea pesa zake. Mtu mzima habishiwi dukani.

Keshoye maji yalipokupwa tulimuona mama huyo huyo, kafunga kanga kiunoni, yuko kwenye maji ya magoti, anafunga mwani kwenye kamba. Na pembeni yake, anamshikia kamba, ni yule binti.

Hatumsemi kwa ubaya. Mama huyo anasomesha watoto kwa mwani, Allah amlipe. Lakini tukabaki tunaulizana: ni pwani gani hasa iliyo mwiko kwa mtoto wa kike?

Maana sisi wanawake wa visiwa hivi pwani hatukuletwa na mtu. Bibi zetu walichokoa chaza na pweza. Kilimo cha mwani kilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1980 kule mashariki ya Unguja, wanawake ndio waliojaa huko na mpaka leo wengi wa wakulima ni wanawake. Wanainama juani kutwa, kanga zimerowa, na kanga iliyorowa humganda mtu mwilini kuliko nguo yoyote tunayoishona sisi. Wanapita wavuvi, wanapita watalii, na hakuna anayesimama kusema pwani si pahala pao. Mwanamke akiwa na mzigo kichwani, pwani ni halali. Akiwa na mpira mkononi, ghafla imekuwa fedheha. Jamani, hiyo ni dini au ni mazoea tu ya kumuona mwanamke akichoka na kutotaka kumuona akifurahi?

Tunajua jawabu litakalokuja: "Nyinyi hamjaona nguo zao?" Tumeziona. Hapo tuna ugomvi na upande wa pili pia, wale walioufanya mchezo huu uonekane kama maonyesho ya mwili. Kwa miaka mingi sheria za kimataifa ziliwataka wanawake wacheze kwa bikini au vazi la kuogelea la kipande kimoja, na zikafika mpaka kupima upana wa bikini kwa sentimita. Wanaume muda wote huo wanacheza kwa kaptura na fulana. Mwaka 2012, kabla ya Olimpiki ya London, shirikisho la dunia la mpira wa wavu, FIVB, liliruhusu kaptura na blauzi za mikono, na wenyewe wakasema ni kwa kuheshimu dini na mila za nchi nyingine.

Kwa hiyo hoja ya "mchezo huu lazima uvuliwe nguo" ilikufa mwaka 2012. Sisi huku bado tunaitumia kuwafungia watoto ndani.

Mwaka 2016, Rio de Janeiro, wasichana wawili wa Misri waliingia mchangani. Doaa Elghobashy alikuwa na miaka 19 na Nada Meawad miaka 18. Wote walivaa mikono mirefu na suruali hadi kifundoni, na Doaa alikuwa na hijabu yake. Mechi ya kwanza walikutana na Laura Ludwig na Kira Walkenhorst wa Ujerumani, ambao baadaye walichukua dhahabu. Wamisri walifungwa. Wakafungwa kwa sababu walikutana na wanaojua zaidi, na nguo haikuhusika. Miaka minane baadaye, Paris 2024, Doaa akarudi mchangani na hijabu yake, safari hii na Marwa Abdelhady, chini ya mnara wa Eiffel, katika nchi iliyowakataza wachezaji wake wenyewe kuvaa hijabu kwenye michezo hiyo. Hakuvuliwa mtandio na wala hakubaki nyumbani.

Sasa tuambieni, anayesema "vua ndio ucheze" na anayesema "kaa ndani ndio uwe na heshima" wana tofauti gani kwa yule msichana? Wote wamemtoa mchangani.

Wengine watasema: mpira si wanao ukumbini, wanataka nini zaidi? Tumewauliza wanaojua, na tumekaa tukatazama. Ukumbini kiwanja ni mita 18 kwa 9 na wachezaji sita, na kila mmoja ana kazi yake. Msichana anaweza kucheza mwaka mzima akiwa mpokeaji tu, hajawahi kupiga. Ufukweni kiwanja ni mita 16 kwa 8 na wachezaji ni wawili. Hakuna pa kujificha. Kila mmoja anapokea, anamnyanyulia mwenziwe, anapiga, anazuia. Mpira wenyewe haujazwi upepo mwingi, na upepo wa bahari unaubeba utakavyo. Mchanga unakula nguvu za miguu, lakini ukianguka unakupokea, saruji inakuchubua. Hata sheria zinamtaka awe makini zaidi: ukumbini mguso wa kuzuia pale wavuni hauhesabiwi, ufukweni unahesabiwa kuwa mmoja kati ya mitatu yao. Na ule ujanja wa kuudokoa mpira kwa ncha za vidole upite juu ya wavu haukubaliwi.

Siku ya kwanza wale wasichana saba walianza watatu kwa wanne, kiwanja kidogo, kamba zimelazwa chini kuwa mistari. Mwalimu hakuwakimbiza wawili kwa wawili, maana mcheza ukumbini akiingia mchangani ghafla anachoka, anakata tamaa, anasema si mchezo wake. Yule aliyekuwa hajawahi kupiga alipiga mpira ukaingia, akaka chini akacheka peke yake. Tungependa mama yule angemuona.

Na hapa ndipo tunapotaka wari mtusikilize vizuri. Timu ya sita hufa kidato cha nne. Mmoja kaolewa, mmoja kahamia mjini, mmoja kaenda chuo, na wachezaji sita hawapatikani tena. Hapo ndipo mwili unapoanza kulala, na tukifika miaka thelathini ngazi moja tunahema. Mchezo wa wawili unahitaji wanawake wanne tu na wavu. Wanne hao wanaweza kuwa wewe, wifi yako na majirani wawili. Ni mpira unaoweza kuingia nao kwenye ndoa.

Basi mwari, kama unacheza, liseme mapema. Posa ikija, wakati wazee wanazungumzia mahari na pahala pa kukaa, mwambie mchumba wako: nacheza mpira, navaa hivi, nacheza na wanawake, saa hizi. Mwanamme wa maana atakusikiliza na mtakubaliana mipaka. Kulisema kabla ya nikah ni bora kuliko kulilia baada yake.

Na tuondosheeni ile kauli ya "utaungua jua, nani atakuoa mweusi?" Inasemwa na watu wanaofunga, wanaosali na wanaojua kuwa Allah ndiye aliyeziumba rangi zote. Mtoto anayepigwa jua kwenye mwani haambiwi hivyo.

Kuhusu nguo, hapa tupo nyumbani. Fundi yeyote aliyewahi kushona kanzu ameshajifunza nusu ya nguo hii. Kanzu ina kikwapa, kile kipande cha chini ya kwapa kinachomfanya mwanamme anyanyue mkono bila nguo kumvuta. Tia kikwapa hicho kwenye blauzi ndefu ya mchezo na msichana atapiga mpira juu bila tumbo kuonekana. Blauzi ifike magotini, iwe pana, ipasuliwe pembeni, na ndani yake suruali ya kitambaa kinachovutika. Usitumie pamba tupu, hunywa jasho, ikawa nzito na mchanga ukaganda. Kitambaa chepesi cha jezi kinakauka haraka. Rangi iwe ya kukoza, nyeupe ikirowa inaonyesha. Mtandio uwe wa kuvaa kwa kichwa, usio na pini hata moja, maana pini na mtu anayeanguka havikai pamoja, na ncha zake ziingie ndani ya blauzi. Ndiyo yote. Tunashona gauni la harusi lenye shanga elfu litakalovaliwa usiku mmoja, tutashindwa na hili?

Hatusemi kila kitu kiachwe huru. Masharti yapo na sisi wenyewe tunayataka. Mwalimu awe mwanamke. Pawe mbali na mahoteli na njia ya watalii, na simu zote ziwekwe kwenye mkoba wa mtu mzima mmoja, kwa sababu picha ya mtoto wa mtu si ya kurushwa ovyo. Sala isipitwe: mazoezi yaanze baada ya alasiri na watoto wawe wameshafika nyumbani kabla ya magharibi. Na tuangalie bahari. Siku za bamvu maji hujaa alasiri, basi siku hizo waende asubuhi ya Jumamosi au Jumapili yakikupwa. Siku za maji mafu alasiri inafaa. Kabla ya kuanza, watu wazima wapite kuokota vigae, chupa na vijiti, maana watoto wanacheza miguu mitupu.

Na kwa wanaotutajia dini kana kwamba sisi hatuijui: Bibi Aisha, Allah amridhie, alishindana mbio na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Alimshinda mara ya kwanza, na baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume akamshinda na kumtania kuwa hiyo ni kwa ile. Imo kwa Abu Daud. Na katika riwaya, kwanza watu waliambiwa watangulie. Somo lote limo humo: mwanamke kakimbia, kacheza, kafurahi, na sitara imelindwa. Hakuambiwa akae. Sisi tunamuomba nani ruhusa zaidi ya hapo?

Mama wari, mnaotusoma, tunawaomba jambo moja. Kabla hujasema hapana, njoo utazame. Kaa kwenye kivuli cha mnazi na kikapu chako cha ukili, suka huku unatazama. Ukiona lisilofaa, sema, tutalirekebisha. Ulinzi wa mama aliyekaa pale una nguvu kuliko ulinzi wa mama aliyekataa akabaki nyumbani. Walimu wa skuli, msiwaandikie wazazi barua tu, waonyesheni nguo yenyewe, waishike kwa mikono yao. Na nyinyi wenye uwezo, mnaotoa zawadi za harusi, wavu mmoja na mipira miwili inaweza kuwa sadaka yenu mwaka huu.

Tukiendelea kunyamaza, miaka michache ijayo mchanga huu utakuwa na wavu kila pahala, na watakaocheza watakuwa wageni tu. Mabinti zetu watakuwa wanapita pembeni na magunia ya mwani, wanatazama.

Nguo saba tumezishona na zimeshavaliwa. Kitambaa cha nane kimekatwa, kipo kwenye rafu, kimekunjwa na kimeandikwa jina la mtoto. Hatujamuuzia mtu mwengine. Mama, siku utakayosema ndiyo, njoo tu. Tutakaa kwenye cherehani hapo hapo, na binti yako ataondoka nayo kabla ya alasiri.

Wabillahi tawfiq.