OILI IKICHEMKA, NANI MWENYE HAKI YA KUZIMA INJINI?



Wapo watakaouliza gazeti la chama linatafuta nini katika habari za ndege. Tunawaomba wavute subira, maana jambo lenyewe linatuhusu sisi wa viwandani na mashambani.

Miaka michache baada ya Sudan Kusini kupata uhuru tarehe 9 Julai 2011, kijana mmoja wa Juba alijitengenezea ndege nyumbani. Mwili wa alumini, injini mbili ndogo za petroli, na kiti cha bustani kwa ajili ya rubani. Sekondari hakuimaliza. Jeshi la anga la nchi yake likamwona, likampa kazi. Sisi wa darasa la saba tulifurahi sana, kwani tumechoka kuambiwa kwamba asiye na cheti hana akili.

Lakini kusifu tu hakutoshi. Chuma hakijui sifa. Wapo mafundi wa namna hiyo katika nchi nyingine, hasa Marekani, wanaofunga kwenye ndege zao injini ya rotari waliyoitoa katika magari ya Mazda yaliyotumika. Injini hii ilibuniwa na Mjerumani Felix Wankel, ikawaka kwa mara ya kwanza mwaka 1957. Haina pistoni wala valvu. Ndani yake kuna rota ya pembe tatu inayozunguka, basi. Ni nyepesi, na vipande vinavyokwenda ndani yake ni vichache.

Tabu yake ni joto. Maji hupoza ganda la nje, lakini ndani ya rota maji hayafiki. Huko ni oili peke yake, inayorushwa ndani ya rota na kurudi imebeba moto. Karibu theluthi moja ya joto linalotakiwa kuondolewa hupita kwenye oili. Kwa hiyo fundi aliyezoea injini ya pistoni akifunga kipoza oili kidogo cha kubahatisha, amejichimbia shimo. Oili ikipita nyuzi 100 na kuendelea kupanda, inakuwa nyepesi, beringi zinakosa kinga, na mipira inayozuia oili kwenye rota inakauka na kuvuja.

Kipoza kikubwa nacho si dawa ikiwa hewa haipiti. Mwenye kumwagilia shamba anajua: mfereji ukiwa na upenyo pembeni, maji hayafiki kwenye miche. Hewa ni vivyo hivyo. Mdomo wa kuingizia uwe mdogo, njia ipanuke polepole kabla ya kipoza, kingo zote zizibwe, na hewa ya moto ipewe mlango wa kutosha wa kutokea. Wengi hushughulikia mdomo wakasahau mlango wa kutokea.

Sasa ichukue ndege kama hiyo uipeleke uwanja wa Juba mwezi Machi, joto la mchana limepita nyuzi 35. Uwanja ule una ndege nyingi za misaada na za mizigo. Ndege ndogo itasimama ikingoja zamu, injini inaunguruma, na hewa haipiti kwenye kipoza kwa sababu ndege haiendi. Geji ya oili inapanda. Aliyeiunda mwenyewe atazima injini, asubiri ipoe. Nani atamgombeza? Ndege ni yake na roho ni yake.

Hapo ndipo tunapotaka kufika, ndugu. Sisi tunaotumikia mitambo ya wengine hatuna ruhusa hiyo. Katika kiwanda kimoja tulichowahi kufanya kazi, giaboksi ya mtambo ilikuwa imechemka hata rangi inababuka. Mwenzetu akataka kuzima. Msimamizi akasema zamu imalizike kwanza. Mfuniko ukaachia, oili ikamrukia mkononi, na hadi leo vidole vyake viwili havikunji. Msimamizi alihamishwa idara. Mwenzetu alirudishwa kwao.

Tarehe 29 Januari 2025 ndege iliyobeba wafanyakazi wa mafuta ilianguka katika jimbo la Unity ikianza safari ya kwenda Juba. Walikuwamo watu 21, wakafa 20. Chanzo cha ajali ni kazi ya wachunguzi, si yetu. Sisi tunasema hivi: mfanyakazi anayepandishwa ndege kwenda kazini yuko kazini tangu anapokanyaga ngazi, na fundi anayeikagua ndege hiyo naye ni mfanyakazi. Wote wawili wawe na haki ya kusema “hapana”.

Haki hiyo si ndoto yetu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka alindwe mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari anayoamini kwa sababu za msingi kuwa ni kubwa na ya karibu. Sudan Kusini iliingia katika shirika hilo mwaka 2012. Tena mwaka 2022 usalama kazini uliwekwa miongoni mwa haki za msingi za kazi.

Waajiri watasema tukipewa haki hiyo kila mvivu atazima mashine. Geji haina uvivu. Iwekwe mahali inapoonekana, mstari mwekundu uchorwe, na anayezima sindano ikiwa juu ya mstari asikatwe hata senti. Matawi yote yaingize kifungu hiki katika mapendekezo ya mkataba wa hali bora kabla ya mazungumzo kuanza, na wajumbe waje na orodha ya mitambo yao ambayo geji zake zimekufa.