Kinga ya Mama Ina Muda Wake

Yapo maneno yanayozunguka katika nyumba zetu yakiwa na sura ya hekima. Mojawapo ni kwamba mtoto anayenyonya vema hana haja ya kuharakishiwa chanjo, kwani maziwa ya mama yamekwisha kumkinga. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote, na sehemu inayokosekana ndiyo inayowafikisha watoto wodini.

Mwenyezi Mungu (S.W.) amejaalia kinga ya mama imfikie mtoto kwa njia mbili. Ya kwanza ni damu. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto. Mama aliyeugua surua, au aliyechanjwa, humrithisha mwanawe kinga ya surua. Aliyechanjwa pepopunda humwepusha mwanawe na ugonjwa ule uliokuwa ukiwaua wachanga waliokatwa kitovu kwa wembe mchafu. Ndiyo maana wajawazito huchomwa sindano kliniki. Mtoto njiti, kwa kuwa hakukamilisha miezi hiyo, huzaliwa na akiba pungufu.

Njia ya pili ni maziwa. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya manjano ambayo wengine bado huyakamua na kuyamwaga (na kwa hakika ni israfu kubwa), yamejaa kingamwili za namna nyingine. Hizo hutanda kooni na tumboni na kumpunguzia mtoto kuhara na maradhi ya kifua. Miaka miwili ya kunyonyesha iliyotajwa katika Surat al-Baqara, aya ya 233, ina kheri ambayo hakuna kopo la dukani linaloifikia.

Hata hivyo, kingamwili za maziwa haziingii damuni kwa kiasi cha kuzuia surua, na zile za damu ni kama chakula cha safari alichofungiwa mtoto siku ya kuondoka: hupungua kila wiki wala hakiongezwi. Afikapo miezi tisa, akiba ya wengi imekwisha au imebaki kidogo mno. Basi mtoto wa miezi kumi pale Lalago, wilayani Maswa, anayenyonya vizuri na kunawiri, yu wazi mbele ya surua ikiwa hajachanjwa.

Bibi zetu watasema kwamba zama zao wachanga hawakuugua surua. Hawasemi uongo. Mama wa zama hizo alikuwa ameugua surua yenyewe, na kinga alioirithisha ilikuwa nzito zaidi. Mama wa leo aliyekingwa kwa chanjo humpa mwanawe kiasi kidogo kidogo zaidi, nacho huisha mapema. Tusiitamani kinga ya bibi, maana ndugu zake wengi walizikwa ili yeye aipate.

Mzazi anaweza kuuliza: kwa nini basi chanjo isitolewe mapema, mtoto akiwa na miezi mitatu? Kwa sababu kirusi kilichodhoofishwa kilichomo katika chanjo kingekamatwa na kingamwili za mama kabla mwili wa mtoto haujajifunza kukitambua. Hata katika miezi tisa, watoto wapatao 85 kati ya 100 ndio hujenga kinga. Kwa hiyo dozi ya pili hutolewa mtoto akiwa na miezi 18. Mama aliyefika kliniki mara ya kwanza akaona kazi imekwisha hajui kama mwanawe yumo katika wale 15 waliobaki.

Hapo ndipo hesabu ya shamba inapogongana na hesabu ya kadi. Mtoto aliyezaliwa Septemba hutimiza miezi tisa Juni, wakati wa kuvuna na kuuza pamba katika mkoa wetu wa Simiyu. Mama yumo shambani, baba yuko kwenye mizani, na kadi imechomekwa darini. Dozi ya pili huangukia Machi, mtoto akiwa anatembea na hakuna aliyekumbuka kumpima uzito tangu mwaka uliopita. Wala surua haingoji msimu uishe: kirusi chake hukaa hewani hata saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, na mtoto mmoja aweza kuwaambukiza wenzake 12 hadi 18 wasio na kinga. Mfikirie huyo mmoja amekaa kwenye mkeka wa madrasa, na wadogo zao wachanga wanaongoja nyumbani.

Akina baba, nauli ya kliniki imo katika matumizi ya familia ambayo sheria imewabebesha ninyi. Mama asiachwe aombe.

Na aliyechelewa asione haya kwenda. Mtoto aliyepitwa na tarehe haanzishiwi chanjo zake upya. Mhudumu huendelea pale kadi ilipoishia. Kadi ikiwa imepotea, aende hivyo hivyo na mtoto wake, amweleze mhudumu chanjo anazozikumbuka.