KUMBUKUMBU ZA CHUO KIKUU ZISIACHWE KUFIA MAJUMBANI

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma ikatoa uamuzi ambao watu wengi huukumbuka kwa upande mmoja tu. Azimio la Musoma hutajwa kuwa ndilo lililotaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Ni kweli. Lakini azimio hilo hilo liligusa Chuo Kikuu. Liliondoa desturi ya kijana kumaliza kidato cha sita na kuingia Mlimani moja kwa moja. Tangu hapo, baada ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, ilimpasa kwanza kufanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, ndipo aombe nafasi akiwa na barua ya mwajiri wake na barua ya tawi la Chama ya kuthibitisha mwenendo wake.

Twalikumbusha jambo hili kwa sababu historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huandikwa kana kwamba yote yalitendeka Dar es Salaam. Sehemu moja kubwa iliamuliwa hapa, na barua zake zilipigwa mhuri katika ofisi za wilaya, vyama vya ushirika, shule na matawi ya mkoa huu na ya visiwa vya Ziwa. Walioandikiwa barua hizo leo ni wazee. Aliyekuwa na umri wa miaka 22 mwaka 1975 amekwisha kuvuka miaka 70. Wapo waliostaafu wakajenga Bweri, Nyasho na Mwisenge. Wapo waliorudi Ukerewe na Ukara. Kila mwaka tunawazika baadhi yao, na risala ya marehemu hutaja vyeo vyake vyote bila kusema aliingiaje chuoni, nani alimkatalia barua, na nani alimwandikia.

Wazee hawa wana mengi. Kijana wa leo hupanda basi pale stendi ya Bweri na kesho yake yuko Dar es Salaam. Kijana wa kisiwani wa miaka ile alianza na mtumbwi, akafika Mwanza kwa meli, kisha akakaa ndani ya treni ya Reli ya Kati mpaka miguu ikavimba. Alipofika alikuta chuo chenye umri mdogo kuliko yeye mwenyewe. Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London na kikifundisha sheria peke yake. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Taifa baada ya kuvunjwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki.

Hata hivyo, kumbukumbu ya mtu si daftari. Wanafunzi wa kwanza wa mwaka 1961 walikuwa wangapi? Yapo maandishi yasemayo 13, na yapo yasemayo 14. Hoja ya namna hiyo haimalizwi kwa ubishi wa barazani. Humalizwa na ukurasa mmoja wa daftari la usajili, na mtumishi wa maktaba ajuaye daftari hilo liko rafu gani. Vivyo hivyo kuna wanaochanganya mgomo wa Oktoba 1966 na maandamano ya Machi 1978. Ule wa kwanza ulipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao, na Mwalimu akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Yale ya pili yalipinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na viongozi. Mtunza nyaraka humsahihisha mzee bila kumvunjia heshima, kwa kumwekea gazeti la siku ile mbele yake.

Lakini na nyaraka nazo zina kimya chao. Jalada litaonyesha kwamba mwanafunzi fulani alifukuzwa na kwamba baadaye alirudishwa. Halitaonyesha baba yake, mvuvi wa kisiwani, alimpokeaje ufukweni. Halitaonyesha pia balozi wa nyumba kumi alitaka nini kabla ya kusema neno jema juu ya mwombaji. Baada ya miaka michache wanawake waliruhusiwa tena kuingia chuoni moja kwa moja, kwa kuwa idadi yao ilikuwa imeshuka. Jalada litatupa hesabu. Kilichowapata mabinti wale katika miaka ile ya kungoja watakisema wao wenyewe, maadam wangali hai.

Wenzetu wa visiwani hawahitaji somo refu juu ya hasara ya kuchelewa. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika kwa Kikerewe, mwaka 1945, kitabu kikubwa juu ya Myombekere na Bugonoka. Kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Mswada ule ulinusurika miaka 35 kwa sababu watu wachache waliuthamini. Ni barua ngapi za tawi zina bahati hiyo, ndani ya masanduku ya bati yenye mchwa?

Wala tusidhani kwamba vyuo vikubwa viko salama. Jengo kuu la Makerere, chuo alichosoma Mwalimu miaka ya 1943 hadi 1945, liliungua Septemba 2020. Aprili 2021 moto wa mlimani uliteketeza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger mjini Cape Town, pamoja na sehemu kubwa ya hazina yake ya vitabu juu ya Afrika. Nakala iliyowekwa mahali pa pili ndiyo kinga tunayoijua.

Na mahali pa pili papo. Butiama imepewa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina la Mwalimu Julius K. Nyerere. Atatokea ofisa atakayesema kwamba chuo cha kilimo hakihusiki na historia. Sisi hatukubaliani naye. Watu wa Ukara walifuga ng'ombe zizini na kurutubisha mashamba kwa samadi zamani sana, na wageni wakaandika vitabu juu yao. Mtoto wa Ukara akitaka kuvisoma, avipate wapi? Chuo kitakachofundisha kilimo cha Ziwa bila kujua pamba, samadi na uvuvi wa jana kitawauliza wakulima maswali waliyokwisha kuyajibu.

Twaona kwa hiyo kwamba maktaba ya Butiama ianze na chumba cha nyaraka tangu sasa, kabla majengo hayajagawiwa kwa ofisi, na iwe na mtumishi aliyesomea kazi hiyo, si karani aliyehamishwa kwa adhabu. Mtumishi huyo apewe kinasa sauti na nauli ya boti, kwa maana wazee wa Ukara na Irugwa hawawezi kuja kwake. Maktaba ya Mlimani, ambayo jengo lake jipya lilifunguliwa Novemba 2018 kwa msaada wa China, itoe nakala za orodha za wanafunzi wa kanda hii ili mtumishi ajue pa kuanzia.

Kwa upande wa Serikali, Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 imekwisha kuweka utaratibu wa kutunza nyaraka za umma, na Mwanza kuna kituo cha Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka. Wakuu wa Wilaya za Musoma, Bunda, Butiama na Ukerewe waagize stoo zikaguliwe kabla ya usafi wa mwisho wa mwaka, maana ndio wakati majalada huchomwa. Barua za matawi ya Chama haziko katika mikono ya Serikali. Juu ya hizo itabidi Wakuu wa Wilaya wazungumze na makatibu wa Chama, na mazungumzo hayo yaanze na majalada ya miaka ya 1974 hadi 1977.